Kantangaze na Ndugu Zake: Mhadhara Juu ya Kuwatambua Nondo kwa Maungo ya Ndani



Hapa mezani pana vichupa viwili. Ndani ya kila kimoja yumo nondo mkavu, mwili wake kama punje ya mchele, rangi yake ya kijivu iliyoingiwa na hudhurungi, mbawani madoa meusi yaliyotapakaa. Mmoja alitoka kwenye jani la nyanya. Mwingine alitoka kwenye jani la kiazi mviringo, katika shamba lililopakana na lile la nyanya. Kabla hatujaanza niliwapa vichupa hivi mliokaa mbele, mkavigeuza, mkavielekeza dirishani kwenye mwanga, na hakuna aliyeniambia kwa uhakika yupi ni yupi. Msione haya. Hata mimi, kwa macho matupu, nisingeapa.

Yule wa nyanya mnamjua kwa hasara zake. Ndiye kantangaze. Alikwenda Hispania mwaka 2006 akitokea Amerika Kusini, akazunguka nchi za Bahari ya Kati, akashuka kupitia Sudan, Ethiopia na Kenya, na mwaka 2014 akabisha hodi kwetu Tanzania. Jina la Kiswahili hakuja nalo. Wakulima ndio waliompa. Kila nikilisikia nalisikia kama amri ya mdudu mwenyewe kwa mwenye shamba: nenda ukanitangaze. Akishaingia, majani hubabuka kama yaliyopitiwa na moto, tunda linatobolewa karibu na kikonyo, na jike mmoja huweza kutaga mayai hadi 260 hivi katika maisha yake mafupi. Yule wa viazi ni nondo mwingine, maarufu duniani kwa kutoboa viazi ghalani. Wataalamu wanawahesabu wawili hawa kuwa ndugu wa damu moja, na nitawaeleza baadaye jinsi undugu huo ulivyoandikwa, ukafutwa, ukaandikwa upya.

Neno langu leo ni hili: ukitaka jina la hakika la nondo, litafute tumboni mwake. Na kazi ya kulisoma tumbo hilo inaweza kufanywa hapa hapa Lushoto.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja mkulima, upande wa Soni, aliniletea majani ya viazi yenye vijia vyeupe vya viwavi ndani yake. Niliyafungia kwenye chupa yenye kitambaa mdomoni, nikasubiri. Nondo wakatoka. Walikuwa wamepapatika humo ndani siku mbili, magamba yamepukutika, mbawa zimebaki kama karatasi. Niliwatazama kwa lenzi, nikaona udogo wao, nikasema: kantangaze. Nilisema hivyo kwa sababu mwaka huo kila mtu alikuwa akimsema kantangaze. Yule mama akarudi nyumbani, akaelekeza nguvu zake zote kwenye tuta la nyanya. Viazi akavipa kisogo, akijua kwamba kantangaze anapokula kiazi hula majani, tunda la chini halimhusu. Matuta yake hayakupandishiwa udongo kwa wakati, na viazi vilivyochungulia juani vikatagiwa mayai. Nilipokuja kupasua wale nondo wiki tatu baadaye, wote walikuwa nondo wa viazi. Mavuno tayari yalikuwa stoo, yametobolewa, na vinyesi vyeusi vimejikusanya kwenye macho ya viazi. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipikia chai, na hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angenigombeza.

Sasa, kwa nini mbawa hudanganya?

Mtoto wa hapa akisikia neno magamba anaufikiria msitu wa Magamba, ulio juu ya mji. Mimi leo nazungumzia magamba mengine. Ubawa wa nondo umeezekwa kwa vigae vidogo mno, kila kigae kina rangi yake, na rangi zote hizo zikikaa pamoja ndizo tunazoziita doa, mstari, baka. Ukimshika nondo, ule unga unaobaki kidoleni ni vigae hivyo. Nondo anayeishi wiki moja tu amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya pambo lake. Zaidi ya hapo, rangi ya ubawa ni vazi la kujificha. Nondo wawili wasio na undugu wowote wakilala mchana kwenye gome la mti mmoja, wote wawili watafaidika kwa kufanana na gome hilo. Na ndugu wawili wa kweli, waliotengana juzi tu kwa hesabu ya milima, huweza kubaki na vazi lile lile la babu yao huku maungo yao ya ndani yakiwa yameshaachana njia.

Maungo yenyewe ni yale ya uzazi. Wazee wangu, mniwie radhi. Nitayataja kwa majina yake, kwa sababu ndiyo somo.

Kazi huanza kwa kulitoa tumbo. Nondo mkavu ukilisukuma tumbo lake kwa juu, polepole, kwa ncha ya kibano, linabanduka lenyewe pale linapoungana na kifua. Mbawa, kichwa na miguu vinabaki kwenye pini bila kuguswa, na tumbo linapewa namba ile ile, ili kamwe lisije likachanganywa na la mwingine. Nalitia kwenye bomba dogo la kioo lenye potasi kali ya asilimia 10. Dawa hiyo inachoma, kwa hiyo vijana, glavu na miwani kwanza. Bomba nalisimamisha kwenye kikombe cha maji ya moto kwa dakika chache. Asiye na haraka huliacha kwenye ubaridi mpaka kesho yake. Potasi hula nyama, mafuta na utumbo. Haili ile ngozi ngumu ya mdudu, kitini. Kwa hiyo kinachobaki ni ganda jembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, na mwishoni mwake kitu kidogo kigumu, chenye rangi ya chai ya rangi.

Ganda hilo nalihamishia kwenye maji safi, na hapo ndipo uvumilivu unapopimwa. Kwa brashi iliyopunguzwa mpaka ikabaki na nywele tatu au nne, nafagia magamba yaliyobaki, nikipapasa kuelekea nyuma, kila mpapaso ukiondoa wingu dogo la vumbi la rangi. Ukisukuma kwa nguvu unachana. Ukiwa na haraka unavunja ncha ambayo ndiyo uliyokuwa ukiitafuta. Nimeshavunja nyingi, na kila moja naikumbuka. Baadaye natia tone la rangi ya kukolezea, nalilaza ganda ndani ya gliserini, nafungua taa ya hadubini.

Kinachotokea hapo sijapata kukizoea mpaka leo. Mdudu aliyekuwa kama vumbi kwenye kiganja anakuwa na usanifu. Kwa dume utaona kwanza pete ngumu inayozunguka mwisho wa tumbo. Juu ya pete inaning'inia ndoano. Wataalamu huiita unkasi. Pembeni kuna mikono miwili ya kumkumbatia jike, inayoitwa valva. Katikati unapita mrija, edeagasi, na ndani ya mrija umekunjwa mfuko laini, vesika, ambao hujazwa na kutokeza nje wakati wa kujamiiana. Mara nyingi mfuko huo una miiba: mmoja, au safu nzima, au kichaka. Kwa jike kuna mlango, njia, na kibofu ambamo dume huweka kifurushi cha mbegu. Na ukutani mwa kibofu hicho, kwa nondo wengi, pamesimama kipande kigumu chenye umbo la pembe au nyota au msumeno, signamu.

Mtazameni kantangaze dume. Valva yake imekaa kama kidole kilichopinda kidogo, chenye nywele nchani, na katikati ya ukingo wa ndani pana kichuguu chenye nywele zake. Kwa nondo wa viazi mkono huo ni mwembamba na kichuguu kile hakipo. Ndiyo yote. Ni kichuguu ambacho hata kwenye hadubini lazima ukuze ndipo ukione, na ndicho ambacho kingeamua stoo ya yule mama iwe nzima au iwe imetobolewa.

Niseme hapa kitu cha kuwasaidia wakulima ambao hawana hadubini. Mkimkuta kiwavi ndani ya jani, mtazameni shingoni, nyuma tu ya kichwa. Kantangaze ana utepe mweusi mwembamba kwenye ukingo wa nyuma wa ile ngao ya shingo. Wa viazi, ngao nzima ni ya kahawia iliyokolea. Inahitaji lenzi ya mkono na jua zuri, na kiwavi aliyekua. Ni ishara njema. Lakini kiwavi mchanga hudanganya, na mtegoni hamtapata viwavi, mtapata madume waliokomaa, maana vivutio vya mitego vimetengenezwa kwa harufu ya jike. Ndugu wa karibu nao huingia mitegoni. Mnaotega mitego ya kiwavijeshi vamizi kwenye mahindi mnalijua hilo: humo hunaswa pia nondo wengine wa rangi ya majani makavu, na asiyewachambua huhesabu adui ambaye hayupo.

Watu huniuliza kwa nini tofauti zijilimbikize pale na si kwingine. Mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour alieleza kwamba maungo ya dume na jike ni kama ufunguo na kitasa: kila spishi ina kitasa chake, na ufunguo wa jirani hauingii. Ni maelezo mazuri, na yanaingia akilini haraka, hasa kwa mtu wa pwani aliyekulia penye milango ya vitasa vikubwa. Wengi hawaridhiki nayo tena. Kwa spishi nyingi maungo ya dume hutofautiana mno huku ya jike yakikaribia kufanana, na kitasa kimoja hakiwezi kuwa na funguo kumi. William Eberhard aliandika mwaka 1985 kwamba jike huchagua, hata baada ya kukutana na dume, mbegu za nani zitumike, na kwamba maungo ya dume hubadilika mbio kizazi hadi kizazi yakijaribu kumridhisha. Mimi naegemea huko zaidi. Vyovyote iwavyo, kwa mpasuaji faida ni ile ile: mahali pale mabadiliko huenda mbio kuliko mbawani.

Njia hii ya kupasua haikukubaliwa kirahisi. Kule Uingereza, Frank Nelson Pierce alichapisha mwaka 1909 kitabu kizima cha maungo ya uzazi ya nondo wa familia ya viwavijeshi, na wakubwa wa fani wakamtazama kama mtu aliyepotea njia. Miongoni mwa waliokataa alikuwa Edward Meyrick, mwalimu wa shule, ambaye katika maisha yake aliwapa majina nondo wadogo zaidi ya spishi 14,000. Aliwafanyia kazi nyumbani, kwa lenzi, akitazama mbawa, mishipa ya mbawa na viungo vya mdomo. Tumbo hakulipasua. Mwaka 1917 alipokea nondo kutoka Huancayo, kwenye milima ya Andes nchini Peru, akamwandika kwa jina la Phthorimaea absoluta.

Huyo ndiye kantangaze wetu.

Tangu hapo fuateni jina hilo lilivyotangatanga. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Kicheki, Dalibor Povolný, aliwapasua nondo wa kundi hili na kuona kwamba maungo yao hayakai pamoja. Akamhamisha kantangaze jenasi, akamhamisha tena mwaka 1987, na mwaka 1994 akamweka kwenye jenasi ya Tuta. Mnaosoma vibandiko vya dawa madukani mmekutana na jina hilo, Tuta absoluta. Mwaka 2021 wataalamu Chang na Metz walipima upya sifa za kundi zima, wakamrudisha alikoanzia: Phthorimaea, nyumba moja na nondo wa viazi. Mwalimu aliyekataa kupasua alikuwa amemweka mahali ambapo upasuaji wa karne nzima ulimrudisha. Simhesabii Meyrick ushindi kwa hilo. Jenasi yake ilikuwa gunia kubwa lililobeba wengi, na miongoni mwa maelfu aliowataja wako wengi ambao leo hatuwezi kujua ni nani mpaka mtu afungue sampuli aliyoishika mwenyewe. J. F. Gates Clarke alitumia miaka mingi kufanya hivyo kwa mkusanyo wa Meyrick uliobaki London, akachapisha majuzuu manane kati ya mwaka 1955 na 1970, picha kwa picha, tumbo kwa tumbo.

Mkulima atasema: jina likihama, mimi linanihusu nini? Linamhusu kwa njia ya nyigu. Yuko nyigu mdogo wa Amerika Kusini anayetaga mayai ndani ya viwavi wa kundi hili. Mtoto wake hukua akimla kiwavi kutoka ndani. Neno la pili la jina lake la kisayansi, Dolichogenidea gelechiidivoris, maana yake ni mlaji wa nondo wa familia ya kantangaze. Huwashambulia wote wawili, wa viazi na wa nyanya. Mwaka 2017 kituo cha ICIPE cha Nairobi kilimleta kutoka Kituo cha Kimataifa cha Viazi nchini Peru ili apambane na kantangaze. Fikirini: watu wa viazi ndio waliokuwa naye, na watu wa nyanya ndio waliomhitaji. Kilichowakutanisha ni undugu wa nondo wawili, na undugu huo uliandikwa na watu waliokaa na brashi ya nywele tatu.

Nimekaa mno mashambani, na msitu unanisubiri.

Milima yetu ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki. Unyevu wa Bahari ya Hindi umeilinda misitu yake kwa muda mrefu usiohesabika kwa vizazi, hata nyakati ambazo nyanda za chini zilikauka. Kila mlima ukawa kisiwa. Usambara Magharibi, tuliko, na Usambara Mashariki, iliko Amani, zinatenganishwa na bonde la Lwengera. Kwa basi ni safari ya siku moja, na kwa nondo wa msitu wa ukungu asiyevumilia joto la bondeni ni bahari. Mahali pa namna hiyo ndipo spishi moja hugeuka kuwa mbili bila kubadili nguo. Leif Aarvik, wa makumbusho ya Oslo, ameandika spishi mpya nyingi za nondo wadogo wa Tanzania. Fungueni machapisho yake: picha za mbawa ni chache na hufanana, na baada yake kurasa za maungo, moja baada ya nyingine, ambako ndiko hoja iliko.

Sampuli za kwanza zilichukuliwa mapema. Miaka ya 1890, Leopold Conradt alikusanya wadudu Derema, Usambara Mashariki, wakapelekwa Berlin. Mwaka 1902 Wajerumani wakaanzisha taasisi yao ya utafiti Amani. Mpaka leo jina la mdudu wa milima hii likileta ubishi, wa kuamua ni sampuli iliyoko Berlin au London, na kijana wa Lushoto anayetaka kuifungua anahitaji viza. Hilo linanikera, na nalisema wazi. Hata ua letu la zambarau, lililochukuliwa Usambara katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Wajerumani na kupewa mwaka 1893 jina la Saintpaulia kwa heshima ya Baron Saint Paul-Illaire, lilihamishwa mwaka 2015 kwenda jenasi ya Streptocarpus, na wengi tunaoliuza kando ya barabara hatukuambiwa.

Kuna wanaosema kupasua kumepitwa na wakati kwa kuwa sasa vinasaba husomwa kwa mguu mmoja tu wa nondo. Navitumia vinasaba na navishukuru. Lakini orodha ya kulinganishia ina thamani ya majina yaliyoandikwa juu yake tu, na majina hayo yanarudi kwenye sampuli za mwanzo, ambazo nyingi zinasomeka kwa tumbo. Gharama nayo tuitazame. Vifaa vilivyo mezani hapa, ukiondoa hadubini, vinaenea kwenye mkoba wa shule. Shule zetu kadhaa zina hadubini zilizofunikwa kwa kitambaa mwaka mzima.

Nimebakiza kichupa cha tatu. Juzi usiku nilitandika shuka jeupe na taa ukingoni mwa msitu wa Magamba. Ukungu ulikuwa mzito, na nondo hupenda usiku wa namna hiyo. Walikuja wawili wa kahawia, wenye mstari mmoja uliopinda katikati ya ubawa, saa moja, shuka moja, wote madume. Niliwalaza sambamba na sikuona tofauti. Wa kwanza nilimpasua jana: vesika yake ina mwiba mmoja mrefu, umepinda kama mundu. Tumbo la wa pili limo kwenye potasi tangu mchana huu, na kwa rangi ninayoiona hapa liko tayari kusafishwa. Mwenye mkono usiotetemeka asogee huku dirishani. Brashi ninazo mbili.